Chini ya Mstari

Mwaka 2018, mtu mzima wa Tanzania Bara aliyetumia chini ya shilingi 49,320 kwa mwezi alihesabiwa kuwa maskini. Aliyetumia 49,400 hakuhesabiwa. Huo ndio mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi uliotumiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18. Ndio uliotupa asilimia 26.4, ile ambayo viongozi huitaja wanapotaka kuonyesha tumetoka wapi na wapinzani wao huitaja wanapotaka kuonyesha bado tuko wapi. Gawa 49,320 kwa siku 30, unapata shilingi 1,644. Humo mna ugali na mboga, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, daftari la mtoto, nauli na dawa.

Mstari huanza na chakula. Mtu mzima anakadiriwa kuhitaji kilokalori 2,200 kwa siku. Wataalamu hutazama watu wa hali ya chini wanakula nini hasa, hupiga hesabu ya kapu la vyakula hivyo hadi litoshe kilokalori hizo, kisha huliwekea bei. Mwaka ule kapu lilifika shilingi 33,748 kwa mwezi. Asiyelifikia yumo katika umaskini wa chakula, na walikuwa asilimia 8 ya watu. Mtoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima, kulingana na umri wake. Ukitoa fedha ya kapu hilo, zinabaki shilingi 15,572 za mambo mengine yote ya mwezi mzima.

Hizo 15,572 zilipatikanaje? Hakuna aliyekaa akaorodhesha mahitaji ya binadamu. Kiasi hicho hukadiriwa kwa kutazama watu wa chini wanatumia kiasi gani kwa vitu visivyo chakula. Hapa pana tatizo ambalo halisemwi vya kutosha. Mtu asiyenunua dawa kwa sababu hana fedha, kutonunua kwake kunaingia katika hesabu ya kile anachohitaji. Dhiki ya jana inakuwa kipimo cha mahitaji ya kesho.

Tatizo hili lina umri. Seebohm Rowntree alipozunguka nyumba za wafanyakazi wa mji wa York, Uingereza, mwaka 1899, alichora mstari wa chini kabisa wa kuuweka mwili hai na wenye nguvu za kazi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1901 alieleza wazi kwamba familia inayoishi kwenye mstari huo haiwezi kulipa nauli, haiwezi kununua gazeti, wala haiwezi kumwandikia barua mtoto aliye mbali, kwa kuwa stempu ni fedha. Alitaka msomaji aone jinsi mstari wake ulivyokuwa mkali, na kwamba hata hivyo watu wengi walikuwa chini yake. Sisi tumerithi mstari, lakini onyo lililoandamana nao tumeliacha njiani.

Basi mstari umechorwa. Sasa anakuja mdadisi mlangoni na dodoso mkononi, na anayeketi mbele yake mara nyingi ni mama wa nyumba. Anaulizwa kaya yake ilitumia nini. Anakumbuka debe la mahindi na lita ya mafuta. Anajuaje supu aliyokunywa mumewe kwa mama lishe karibu na kibarua chake? Embe alizookota mtoto wakati wa kutoka shule atazitaja? Na andazi la shilingi mia alilonunua binti yake kituoni? Vitu hivi vidogo, vikijumlishwa kwa watu sita kwa mwezi mmoja, si vidogo tena.

Mwaka 2007 na 2008 watafiti wanne, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt, Jed Friedman na John Gibson, walifanya jaribio hapahapa Tanzania ambalo kila anayenukuu takwimu za umaskini angepaswa kulifahamu. Walichukua kaya zipatazo 4,000 katika wilaya saba, wakazigawa kwa bahati nasibu katika makundi manane, na kila kundi wakaliuliza matumizi yake kwa njia tofauti. Katika kundi moja kila mtu mzima alipewa shajara yake mwenyewe na kufuatiliwa kwa karibu. Mengine yalipewa shajara moja ya kaya nzima. Wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula na kuulizwa kuhusu siku saba zilizopita, wengine kuhusu siku kumi na nne. Wengine walisomewa orodha fupi. Kundi la mwisho liliulizwa tu mwezi wa kawaida huwa unakwendaje.

Kwa kuwa makundi yalipangwa kwa bahati nasibu, hali zao za maisha zilikuwa sawa kwa wastani. Kilichotofautiana ni swali. Na bado, kwa mstari wa kimataifa wa wakati ule, dola 1.25 kwa siku, maskini walikuwa takriban asilimia 47 kwa njia moja na asilimia 67 kwa njia nyingine. Walipopima njaa kwa kilokalori, tofauti ilizidi kuwa kubwa. Njia moja ilisema watu wenye njaa ni asilimia 19, nyingine ikasema ni 68.

Tusome tena tarakimu hizo. Kati ya 19 na 68 kuna nchi mbili tofauti, moja yenye tatizo la kushughulikiwa na wizara moja, nyingine yenye janga la taifa. Zote mbili ni Tanzania ya mwaka uleule. Jaribio hili halisemi kwamba takwimu za umaskini ni uongo. Shajara ya kila mtu, ikisimamiwa vizuri, ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja juu ya wengine wote. Linachosema ni kwamba kulinganisha miaka miwili kunafaa pale tu swali lilipoulizwa kwa namna ileile. Umaskini ukishuka kwa pointi mbili huku dodoso limebadilishwa, hatujui kilichoshuka.

Kuna jambo jingine ambalo dodoso la kaya haliwezi kuliona, nalo limo ndani ya kaya yenyewe. Matumizi yakishajumlishwa hugawanywa kana kwamba chungu kinapakuliwa kwa haki. Caitlin Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle walipima jambo hili kwa data za nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara. Waligundua kwamba robo tatu hivi ya wanawake wenye uzito mdogo kupita kiasi na ya watoto wenye utapiamlo hawamo katika asilimia 20 ya kaya maskini zaidi. Nusu hawamo hata katika asilimia 40. Mpango wowote unaotafuta kaya maskini peke yake utampita mtoto aliyedumaa katika nyumba yenye paa zuri, na utampita kila mwaka.

Hayo yote ni ya kwenye takwimu. Lakini kipimo kikishatoka katika ripoti na kuingia kijijini, kinaanza kuamua nani apate fedha.

Serikali ya Tanzania ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, mwaka 2000, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kusaidia vijiji kujenga madarasa, zahanati na visima. Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ndani ya miaka michache uliandikisha zaidi ya kaya milioni moja. Kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Yenye mtoto iliongezewa 4,000, na zaidi ya hapo kulikuwa na nyongeza za masharti: mtoto mchanga apelekwe kliniki, mwanafunzi ahudhurie shule. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa shilingi 38,000 kwa kaya kwa mwezi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili.

Kaya hizo zilipatikana kwa hatua tatu. Kwanza maeneo yalichaguliwa. Kisha mkutano wa kijiji uliitishwa, wanakijiji wakakubaliana sifa za umaskini kwao na kutaja kaya zenye sifa hizo. Mwisho dodoso lilijazwa na kompyuta ikakokotoa. Hatua hii ya tatu inahitaji maelezo. Mkulima hana hati ya mshahara, hivyo mpango hauwezi kuuliza kipato chake ukapata jibu la kuaminika. Badala yake unauliza vinavyoonekana: paa la nini, sakafu ya nini, watu wangapi, mkuu wa kaya amesoma hadi wapi, kuna mifugo gani. Kila jibu lina uzito wake. Uzito huo umetokana na tafiti za matumizi kama zile tulizoziona, pamoja na kasoro zake zote.

Chukua mfano wa mjane ambaye marehemu mumewe aliezeka bati miaka kumi iliyopita. Bati lipo, mume hayupo, na mwaka huu hana mbegu. Kwa jirani zake hakuna ubishi kwamba ni maskini. Kwa fomula, bati lile linamfanya aonekane si maskini. Brown, Ravallion na van de Walle, haohao, walichunguza fomula za aina hii katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Fomula zilifaulu kuwazuia wengi wasio maskini, lakini kwa gharama ya kuwaacha nje maskini wengi mno. Kosa la kumpa asiyestahili huonekana, huandikwa magazetini, na mkaguzi hulitolea hoja. Kosa la kumnyima anayestahili halina hati yoyote ya malipo, hivyo halina mkaguzi. Ndiyo maana kila marekebisho huelekea upande mmoja, wa kukaza mlango.

Kwa wazee kuna njia nyingine, na imeshajaribiwa karibu nasi. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza paa lake ni la nini. Kenya ilifuata mwaka 2018 kupitia Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine. Ndiyo, kuna wazee wenye watoto wenye uwezo wanaopokea. Mimi naona bei hiyo inalipika. Umri unaweza kuthibitishwa na sheha na majirani, na bibi hahitaji kuonekana fukara mbele ya mkutano wa kijiji ili apate haki yake.

Sasa tuje kwenye swali ambalo walipa kodi wana haki ya kuliuliza: fedha hizi zimesaidia?

Jibu la haraka ni kumtafuta mama aliyepokea ruzuku, akanunua kuku, kuku wakazaa, akajenga. Picha yake inapigwa, kijitabu kinachapishwa. Sina shaka kwamba mama huyo yupo na kwamba amejitahidi. Lakini huenda mvua zilikuwa nzuri mwaka ule na kijiji kizima kilijenga. Ili kujua ruzuku ilifanya nini, lazima tujue maisha yangekwendaje bila ruzuku, na hilo tunalijua tu kwa kuwatazama watu wa hali ileile ambao hawakuipata.

TASAF ilifanya hivyo kabla mpango mkubwa haujaanza, na inastahili sifa kwa hilo. Katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino vilichaguliwa vijiji 80. Arobaini vilipangwa kwa bahati nasibu kuanza kupokea malipo mwaka 2010 kupitia kamati za vijiji vyenyewe, na arobaini vilisubiri. Malipo yalikuwa na thamani ya dola 3 kwa mwezi kwa mtoto na dola 6 kwa mzee. Watoto wa chini ya miaka mitano walitakiwa kufika kliniki mara sita kwa mwaka, wanafunzi kuhudhuria asilimia 80 ya siku za shule.

Matokeo yalikuja mahali ambapo wengi wasingepatazama. Matumizi ya chakula hayakubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kama tungetumia mstari wa umaskini peke yake kuhukumu, tungeandika kwamba fedha zimepotea. Lakini watoto wadogo waliugua siku chache zaidi. Safari za zahanati zilipanda mwanzoni kisha zikashuka, kwa kuwa watu walikuwa na afya bora. Watoto wengi zaidi walimaliza darasa la saba. Kaya zilijiunga na bima ya afya kwa wingi kuliko zile za vijiji vilivyosubiri. Zilinunua viatu vya watoto. Zilinunua mifugo na kuanza biashara ndogondogo kutokana nayo. Nafuu ya afya ilikuwa kubwa zaidi katika nusu ya kaya zilizokuwa maskini zaidi.

Viatu na bima vinatueleza jambo kuhusu umaskini ambalo shilingi 49,320 haziwezi kulieleza. Mtu aliye chini kabisa haogopi tu kula kidogo leo. Anaogopa homa ya mwezi ujao itakayomlazimu auze jembe au mbuzi. Akipata fedha kidogo ya uhakika, anaanza kwa kupunguza hofu hiyo. Mtoto mwenye viatu hupata minyoo kwa shida zaidi, na baba mwenye kadi ya bima hauzi mbuzi usiku. Utafiti wa matumizi unaouliza wiki iliyopita mlikula nini utalipita hilo bila kuliona.

Kulinganisha pia kuna mitego yake. Katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,500 takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia vijiji 653, vilivyopata na visivyopata. Sifa ya kupata ilikuwa nyumba iliyoezekwa nyasi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba kila dola iliyotolewa ilizalisha shughuli za kiuchumi za dola 2.5 hivi katika eneo lile, huku bei zikipanda kwa kiasi kidogo mno, wastani wa asilimia 0.1. Waliopokea walinunua kwa majirani, majirani wakanunua kwa wengine, na kaya zisizopokea nazo zikaongeza matumizi. Fikiri maana yake. Mtafiti anayemlinganisha aliyepokea na jirani yake asiyepokea angesema tofauti yao ni ndogo, hivyo msaada haukufaa, wakati ukweli ni kwamba uliwainua wote wawili.

Nimeliacha mwisho jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni hesabu ya darasa la sita.

Chukua kaya ya watu watano, tuseme ni sawa na watu wazima wanne. Kwa bei za 2018, mstari wa kaya hiyo ni mara nne ya 49,320, yaani shilingi 197,280 kwa mwezi. Kaya yenyewe inatumia nusu ya hapo, 98,640. Ipe ruzuku ya juu kabisa, 38,000. Sasa inafika 136,640. Watoto wanakwenda shule, deni la dukani limepungua. Na bado kaya iko shilingi 60,640 chini ya mstari. Katika ile asilimia 26.4, ruzuku hii haijafanya lolote. Haikumpunguza maskini hata mmoja.

Sasa chukua kaya nyingine ya ukubwa uleule inayotumia 190,000. Shilingi 8,000 zinaivusha, na takwimu inarekodi watu watano waliotoka katika umaskini. Ofisa anayepimwa kwa kuhesabu waliovuka ana kila sababu ya kuitafuta kaya ya pili na kuikwepa ya kwanza. Amartya Sen alilionya hili mwaka 1976: kuhesabu vichwa hakujali mtu yuko chini ya mstari kwa kiasi gani, na kunaweza kuisifu sera inayomsahau aliye chini zaidi. Mwaka 1984 James Foster, Joel Greer na Erik Thorbecke walitoa kanuni inayopima kina, yaani kila maskini yuko mbali kiasi gani na mstari, na inaweza kumpa uzito zaidi aliye mbali zaidi. Ofisi yetu ya takwimu huipiga hesabu hiyo na kuichapisha. Imo ndani ya ripoti, kurasa za katikati. Haisomwi bungeni. Ningependa isomwe kabla ya ile nyingine, hasa siku inapojadiliwa bajeti ya ruzuku, kwa kuwa ruzuku ya shilingi 38,000 kazi yake kubwa iko chini ya mstari.

Vichwa vina udhaifu mwingine pia. Kati ya 2007 na 2018 kiwango cha umaskini Tanzania Bara kilishuka kutoka asilimia 34.4 hadi 26.4. Katika miaka hiyohiyo idadi ya maskini iliongezeka, kutoka watu milioni 13 hivi hadi milioni 14, kwa sababu tuliongezeka sote. Habari zote mbili ni za kweli. Anayetaja moja na kuficha nyingine anajua anachofanya.

Wala waliomo chini ya mstari si walewale kila mwaka. Benki ya Dunia, katika tathmini yake ya umaskini Tanzania Bara iliyotolewa mwaka 2019, ilionyesha kwamba kwa kila Watanzania wanne waliotoka katika umaskini, watatu waliingia. Wanne wanapanda, watatu wanashuka, na takwimu ya taifa inamwona mmoja tu. Mavuno mabaya, maradhi, mume kufariki, bei ya pamba kuanguka: sababu zinajulikana katika kila kijiji.

Ndiyo maana nina wasiwasi na shauku ya sasa ya kutaka kaya zihitimu haraka na kutoka katika mpango wa TASAF. Kuhitimu ni lengo jema, na wapo waliohitimu kwa kweli. Lakini tathmini inayofanyika mara moja, mwaka wa mvua nzuri, kwa dodoso linalohesabu kuku na bati, itawahitimisha wengi kati ya wale watatu wanaoelekea kushuka. Kaya iliyovuka ingebaki kwenye orodha, hata kwa ruzuku iliyopunguzwa, hadi ipitie angalau msimu mmoja mbaya na kupimwa tena baada yake. Na kaya iliyoondolewa ingekuwa na njia ya kurudi bila kusubiri uandikishaji mwingine wa miaka kadhaa ijayo, kwa kupeleka shauri lake kwenye mkutano wa kijiji, kwa watu wanaojua kwamba bati lile liliezekwa na marehemu.